Beki Kwanza, Golikipa Mwisho: Jinsi Jina la Tupendane Lilivyobaki

Ninaanza na mama, kwa kuwa kwetu mtoto huhesabiwa kwa mama yake. Mama yangu ni Somoe binti Mfaume, mzaliwa wa Chilangala, Newala, huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Baba yangu ni Selemani Mtulia, mzaliwa wa Chiwata, upande wa Masasi. Alipanda huku juu kuja kuoa, akajenga kwa wakwe zake kama desturi inavyomtaka mwanamume, na kaburi lake liko hapa hapa. Mimi ni Athumani, mtoto wao wa mwisho. Nimezaliwa Chilangala, nimelima mikorosho Chilangala, na sikuingia darasa lolote. Anayeandika ni mjukuu wangu Zainabu. Nimemwagiza aandike ninayosema, asiongeze sukari.

Kamati ya timu yetu, Tupendane, imemwomba Zainabu aishike kazi niliyoiacha, kazi ya mchaguzi. Kwa hiyo maneno haya ni yake kwanza, kisha ni ya kijana yeyote anayedhani kuchagua wachezaji ni kuwatazama wanaoshangiliwa na kuwanyooshea kidole.

Wageni hudhani mpira wa kijijini huanza filimbi inapolia. Kwetu huanza siku ya mgawo. Zamani kila timu iliwavuta wachezaji kwa ahadi. Timu ya Radi, iliyokuwa na wenye mashamba makubwa, iliwakusanya vijana hodari wote, hata wengine wakashinda nje ya uwanja wakila karanga, ilhali sisi wengine tulichezesha wazee wenye magoti mabovu. Mashindano yakapoteza ladha. Ndipo wazee wa vitongoji vinne wakaweka sheria. Kila mwanzo wa kiangazi, vijana wote wanaotaka kucheza husimama pamoja uwanjani, na wachaguzi wa timu nne huwachukua mmoja mmoja, kwa zamu. Timu iliyoshika mkia mwaka uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Mchaguzi akitaja jina, kijana hajibu. Hujibu mjomba wake, aliyesimama nyuma yake: "Tumekubali," au "Hatukukubali." Neno la mjomba likishatoka, shauri limekwisha hadi mwaka mwingine.

Wapo waliodhani sheria hiyo ni mchezo. Mfanyabiashara mmoja alihamia kwetu kutoka Lisekese, Radi wakampa kazi ya mchaguzi. Alikwenda kwa baba wa winga mmoja, akachinjiwa kuku, akapewa mkono. Siku ya mgawo akalitaja jina la kijana kwa sauti ya mwenye mali.

"Hatukukubali," mjomba akasema.

"Lakini mzee wangu, nimeshazungumza na baba yake!"

"Kuku ulimla kwa nani?"

"Kwa baba yake."

"Basi kamchezeshe baba yake."

Winga yule akaenda timu nyingine, na yule bwana akajifunza ukoo wa mama ni nini.

Ipo sheria moja zaidi, na ndiyo iliyotutoa jasho. Timu ikishika mkia miaka mitatu mfululizo, huvunjwa. Vijana wake hugawiwa timu nyingine, na jina lake halitumiki tena. Sheria hiyo iliwekwa ili pasiwe na timu ya kuonewa tu kila mwaka. Ni sheria nzuri hadi ikukaribie.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Kanisius, Mkristo wa Chiwata, rafiki wa marehemu baba. Alikuwa mtu mkavu wa maneno, mwenye hatua ndefu, na sijapata kuona mtu aliyejua kutazama kama yeye. Siku ya kwanza aliponichukua uwanjani nilimwonyesha winga mwenye mbio, nikamwambia huyo ndiye wa kwanza. Hakunijibu kuhusu winga. Aliniuliza, "Athumani, ukichelewa gulioni ukakuta fungu moja la chumvi na mafungu mengi ya muhogo, unaanza wapi?"

"Kwenye chumvi, mzee."

"Basi mawinga ni muhogo."

Ndilo somo lake lote, na mengine niliyoyasikia ni matawi ya hilo. Alisema mchaguzi mjinga huuliza ni nani hodari kuliko wote. Mchaguzi mwenye akili huuliza, zamu ikizunguka ikarudi kwake, ni nani atakayekuwa bado amesimama. Wafungaji hawaishi. Kila kijana aliyewahi kupiga chungwa bovu hujiita mfungaji. Lakini beki wa kati anayejua kuruka, kukaba na kuwapanga wenzake kwa sauti, uwanda mzima unaweza kuwa naye mmoja au wawili. Uwanja wetu ni mchanga na upepo wa kiangazi haulali mchana, kwa hiyo mpira mwingi huchezwa hewani. Kanisius alisema, "Beki wa kati asiyesema ni ukuta wenye tundu." Akawa anaanza na beki, kisha kiungo, kisha wengine.

Kiungo alimtafuta mahali ambapo wengi hawakufikiria. Alimtafuta makaburini. Mtu asidhani ni utovu wa heshima. Kanisius alikuwa mtu wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Lakini macho yake hayakulala. Vijana huchimba kaburi kwa kupokezana jembe. Yule anayeingia kabla mwenzake hajaomba kupokewa, na akatoka kabla hajachoka kabisa, huyo anaona mchezo. Yule anayechimba peke yake ili kina mama wamsifie, alisema, mpe namba tisa au mrudishe kwao. Viungo wote bora niliowachagua maishani mwangu niliwaona kwanza wakiwa na jembe mkononi.

Siku hizi vijana huniletea simu. "Babu, nitazame." Natazama. Kwenye simu kila mmoja anafunga. Sijaonyeshwa bado simu yenye mtu anayepoteza mpira, nami hapo ndipo ninapotaka kuona: akipoteza, anageuka kuufuata au anashika kiuno? Zainabu ameniambia wapo wanaorekodi mchezo mzima na kuutazama tena. Hilo ni jema, na ninaliheshimu. Mwenye kifaa hicho akitazama kwa subira ataona mengi ambayo sisi yalitupita.

Sasa nieleze mwaka wa mashaka.

Tupendane tulikuwa tumeshika mkia mara mbili mfululizo. Kanisius alikuwa amekwisha kufariki, nami ndiye niliyekuwa mchaguzi. Jina letu si la kuokota. Walilitoa watu waliohamishwa kutoka mashamba ya mbali wakakusanywa hapa, watu wasiojuana, wanaopishana njiani bila salamu. Waliunda timu ili wapate sababu ya kusimama pamoja jioni. Mama yangu alikuwa miongoni mwa walioshona jezi za kwanza. Kulipoteza jina hilo kulikuwa ni kuwazika watu wale mara ya pili.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mimi, Mama Rehema na Yohana. Mama Rehema aliuza uji kwenye njia panda ya mashambani, na ndiye aliyekuwa akiwalisha wachezaji. Yohana alikuwa mtani wangu tangu ujana, mtu mwepesi wa ulimi, mzito wa kushawishika. Tulikutana uani kwa Mama Rehema siku chache kabla ya mgawo. Kwa kuwa tulikuwa wa mkiani, jina la kwanza lilikuwa letu.

"Abuu," alisema Yohana kabla hata hajakaa. "Jina la kwanza ni Abuu. Kikao kimefungwa, leteni muhogo."

"Kaa kwanza," Mama Rehema akamwambia.

"Nikae nini, Mama Rehema? Mwaka jana Abuu alitufunga mpaka golikipa wetu akawa anamwamkia shikamoo! Leo Mungu anatuwekea mtu huyo mkononi, nyinyi mnataka kukaa?"

"Mwaka jana tulifungwa na Abuu peke yake?" nikamuuliza.

Yohana akakaa.

"Tulifungwa na kila mwenye miguu," nikasema. "Hata beki wao aliyekuja kujinyoosha kwenye kona alifunga. Mimi namtaka Stefano, yule beki."

"Stefano! Athumani, mtani wangu, Stefano hajafunga goli tangu atoke jandoni. Utawaambia nini watu? Kwamba tumeachiwa ng'ombe tukachagua kamba?"

"Kamba ndiyo inayomleta ng'ombe nyumbani."

"Inamleta ng'ombe yupi, na ng'ombe umemwacha?"

Nakiri kwamba hapo alinibana. Tuligombana hadi muhogo ukapoa. Yeye aliamini mabao huponya kila ugonjwa, na mimi nilishika mafundisho ya Kanisius kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Mama Rehema alituacha tuchoke wenyewe. Kisha akasema kwa upole, "Mmemaliza? Nyote wawili mnaanzia katikati ya nyumba. Mlango mnamwachia nani?"

"Golikipa tutampata tu," Yohana akasema. "Warefu hawaishi."

"Warefu ndio tatizo," akasema yule mama. "Baba zangu, mimi nauza uji. Wapuliza salfa wote hupita kwangu wakitoka shambani. Magolikipa wote wa uwanda huu hunywa uji wangu, na wote huniomba maji ya kunawa macho kabla ya kuomba sukari."

Hapa nitaeleza kwa ajili ya msomaji asiyejua mikorosho. Mkorosho hupulizwa unga wa salfa wakati wa kiangazi, miezi ile ile ya mashindano yetu, ili maua yasiharibiwe na ugonjwa wa ukungu. Hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo umelala, ili unga ushike. Mashine hubebwa mgongoni, ni nzito, na hutafutiwa mtu mrefu mwenye kifua ili unga ufike kileleni. Na golikipa je? Naye hutafutwa mtu mrefu mwenye kifua. Kwa hiyo miaka yote kijana yule yule tulikuwa tukimtia unga machoni alfajiri, na jioni tukimlaumu kwamba haoni krosi. Mzee Kanisius hakulijua hilo kwa sababu enzi zake salfa ilikuwa haijaenea. Sisi tuliokuwa tukiipuliza wenyewe hatukulijua kwa sababu kila mmoja alikuwa akifikicha macho yake mwenyewe. Alilijua mwanamke aliyekuwa akichota maji ya kutunawisha. Tangu siku ile sijawahi kuanza kikao kabla Mama Rehema hajafika, na kama leo kuna mtu anayesema Tupendane iliokolewa na Athumani, mwambie hajui historia.

"Basi tunataka golikipa asiyepuliza," nikasema.

"Asiyepuliza ni mfupi," Yohana akajibu. "Wafupi hawapewi mashine."

"Nifuateni kesho asubuhi," akasema Mama Rehema.

Alitupeleka mahali palipokuwa pakijengwa nyumba. Fundi alikuwa juu ya jukwaa la miti akipanga matofali ukutani. Kando yake alisimama mpwa wake, kijana aitwaye Fadhili, mfupi, hafiki begani mwa Yohana. Kazi yake ilikuwa kudaka matofali yanayorushwa kutoka chini na kumpa mjomba wake. Mtu wa chini alirusha bila kutazama sana, mengine yakienda kulia, mengine kushoto, mengine yakija yamelala, mengine yamesimama. Nilikaa juu ya rundo la mchanga nikatazama mikono.

Vijana, tazameni mikono. Fadhili hakuyakamata matofali, aliyapokea. Kila tofali lilipomfikia, mikono yake ilishuka nalo kidogo, kama mtu anayepokea mtoto mchanga kutoka kwa mwenzake. Hakuna lililogonga, na hakuna lililomtoka. Tofali la udongo ukilipiga kwa kiganja kigumu hupasuka, au kiganja chenyewe hupasuka. Yeye hakuwa na tofali lililovunjika miguuni pake. Nimeona magolikipa wengi, na sijaona mikono ya namna ile kabla wala baada.

"Ni kweli anadaka," Yohana alininong'oneza. "Lakini mpira wa juu ataufuata na ngazi?"

Hapo ndipo hesabu yote ilipokaa sawa kichwani mwangu. Kwa kuwa Fadhili ni mfupi, hakuna mchaguzi atakayemtaja. Zamu ingezunguka mpaka mwisho, naye angekuwa bado amesimama. Na kwa kuwa ni mfupi, alihitaji mbele yake mtu wa kuondoa mipira yote ya juu. Mtu huyo ni Stefano, na Stefano asingesubiri hata zamu moja. Beki kwanza, golikipa mwisho. Abuu aende anakokwenda.

Yohana alisikiliza hesabu hiyo, akavua kofia, akaivaa tena. "Mnanitia kaburini," akasema. "Lakini sawa."

"Na neno hili likitoka kinywani mwako," Mama Rehema akamwambia, "uji wangu utausikia harufu tu."

Siku ya mgawo uwanja ulijaa. Abuu alisimama mbele, amenyoa vizuri, mjomba wake nyuma yake tayari amefungua kinywa. Nilisogea nikasema, "Stefano, beki wa kati." Hata mjomba wa Stefano alisahau kujibu, ilibidi aguswe. Kisha kelele zikapasuka.

"Mzee amelala! Mwamsheni!"

"Mwacheni, anachagua wa kumchimbia kisima!"

"Tupendane kwaherini, tutawakumbuka kwa jina!"

Kazamoyo, waliokuwa wa pili kutoka chini, walimtaja Abuu kabla sijarudi mahali pangu. Zamu zikazunguka. Nilipata kiungo niliyemwona makaburini, nikapata mawinga, kwa maana muhogo haukwisha. Kila zamu niliona Fadhili bado amesimama, na kila zamu kundi la waliosimama lilikuwa dogo zaidi. Walipobaki wachache kabisa nikasema, "Fadhili, golikipa." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba wake, yule fundi, alisema kwa sauti ndogo, "Tumekubali." Fadhili hakuja upande wetu. Aligeuka akaondoka uwanjani.

Kwa desturi shauri lilikuwa limekwisha. Lakini golikipa aliyekubaliwa na mjomba wake bila moyo wake mwenyewe ni nguzo ya tatu ya goli, na sisi hatukuwa na golikipa mwingine. Jioni ile ile mimi na Mama Rehema tulikwenda kwao. Tulimkuta anaosha udongo miguuni.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Rehema. "Tumekuja kuzungumza."

"Mazungumzo yalikuwa uwanjani, mama. Nimesimama pale mpaka kivuli changu kikanichoka. Mmenichukua kwa sababu mlibakiwa na nafasi."

"Sikiliza. Ukiwa na mchele mzuri, na wageni usiowataka wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, mchele unauweka wapi?"

"Uvunguni."

"Basi ulikuwa uvunguni."

"Uvunguni kuna giza, mama," akasema.

Mjomba wake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alitaka kumkemea, nikamzuia kwa mkono. Kijana alikuwa amesema kweli. Nikamweleza hesabu yote, tangu salfa hadi Stefano, nikamweleza nilivyokaa juu ya mchanga nikiitazama mikono yake. Alisikiliza bila kuinua uso. Kisha akasema, "Kama ni hivyo, babu, semeni mbele ya wale walionicheka."

Hapo niliingia katika mtihani. Mzee Kanisius alinifundisha kwamba mchaguzi hatoi maelezo hadharani. Akianza kueleza hatamaliza. Nilikuwa nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote ya kazi. Lakini nilimtazama kijana yule nikaona kwamba haombi sifa. Anaomba arudishiwe kitu kilichochukuliwa mbele ya watu, na kitu cha namna hiyo hakirudishwi faraghani.

Siku ya kwanza ya mazoezi, watu wa vitongoji vyote walipokuja kutucheka, nilisimama katikati ya uwanja nikasema: "Mlidhani Fadhili ni jina letu la mwisho. Fadhili ni jina letu la pili. Tulilificha ili msiliibe."

"Mlilificha kwa aibu!" mtu wa Kazamoyo akapiga kelele.

Watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa Fadhili mwenyewe. Akaenda golini. Mjomba wake aliahidi kwamba, hata pakikosekana mrefu, hatamkopesha kwenye shamba la mtu yeyote kupuliza salfa hadi mashindano yaishe, na alitimiza.

Sitaki mtu adhani tulishinda kila mchezo. Radi walitufunga, na Tupendane ilikuwa timu inayofunga kwa nadra kama mvua ya Septemba. Yohana alikuwa akinitazama kila baada ya mchezo bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Lakini tulifungwa kidogo. Stefano aliruka kila mpira wa juu kama aliyetumwa na mama mkwe, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na nyuma yake Fadhili alipokea kila kilichopita chini. Kazamoyo nao walikuwa na Abuu, na Abuu alifunga kweli kweli. Ila golikipa wao alikuwa na macho mekundu, na kila Abuu alichoingiza kwa mbele kilitokea kwa nyuma.

Ndivyo ilivyokuja kuwa siku ya mwisho, mkiani tuko sisi na wao, pointi sawa, na tunakutana. Kwa kuwa tulifungwa mabao machache kuliko wao, sare ingetutosha. Tukifungwa, jina linakwisha.

Sikumbuki kuwahi kusikia uwanja uliotulia kama ule. Upepo ulikuwa unapuliza kuelekea golini kwetu. Kazamoyo walishambulia, Stefano akaondoa, wakarudi, akaondoa. Watu wa kitongoji chetu hawakushangilia, walikuwa wakihesabu jua. Kisha ikaja krosi moja iliyosukumwa na upepo, ikampita Stefano kwa mara ya kwanza mchezo mzima, ikatua mguuni mwa mshambuliaji wao mwingine, karibu sana na goli. Akapiga kwa nguvu zake zote.

Sasa vijana, mwelezeni kila mtu hili, kwa maana ndilo funzo la ufundi. Ubora wa Abuu haukuwa mguu. Ulikuwa kujua mpira utarudi wapi. Magolikipa wengine wote wa uwanda hupiga mpira kwa viganja ukatoka tena, na Abuu alikuwa mtu wa kusimama pale unapotokea na kuumalizia. Mabao yake mengi yalikuwa ya namna hiyo. Mpira ule ulipopigwa hakuutazama hata. Alikwisha kujiweka mahali pake, ameinamisha bega, mguu tayari.

Mpira haukurudi. Ulimfikia Fadhili kifuani, mikono yake ikashuka nao, naye akakaa nao chini mchangani. Abuu alibaki amesimama na mguu wake, akingojea kitu ambacho hakikuwa njiani. Nilimwona akigeuza kichwa polepole kutafuta mpira uko wapi.

Ilikwisha bila kufungana.

Yohana alinikumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatiwa. Mama Rehema alikaa chini akajifunika uso kwa khanga yake. Lakini ninachokiheshimu zaidi katika siku ile ni alichofanya Abuu. Timu yake ilikuwa imeshika mkia, watu wake wanamzomea. Alitembea hadi golini kwetu, akaishika mikono ya Fadhili, akaigeuza viganja juu, akaichunguza kama mtu anayechunguza mbegu.

"Mikono gani hii?" akauliza.

"Ya matofali," Fadhili akajibu.

"Mwaka ujao," akasema Abuu, "nitamwambia mjomba wangu akubali popote ulipo wewe." Kijana mwenye jina kubwa kumwambia maneno hayo mtu aliyemkosesha ushindi, hayo ni malezi, na nilikwenda kwa mama yake kumpongeza.

Sasa, Zainabu, nikuambie ya kutunza.

Tunza sheria ya wa mwisho kuchagua kwanza. Kila mwaka mabingwa watakuja na ulimi mtamu wakitaka iondolewe, wakisema mpira ni wa wenye bidii. Usikubali. Tukiwa sisi ndio mabingwa, usikubali zaidi.

Usitunze maneno "beki kwanza, golikipa mwisho" kama msahafu. Yalifaa mwaka mmoja, kwa vijana wale, kwa upepo ule. Kila kiangazi uliza upya vijana wanafanya kazi gani asubuhi, na kazi hiyo inawaachia nini jioni. Siku hizi wengi wanaendesha bodaboda hadi Masasi na kurudi, na migongo yao si migongo ya mwaka jana.

Tunza mpinzani katika kamati. Yohana hajawahi kunikubalia jambo kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana sijawahi kukubali aondolewe. Ukiona watatu mmekubaliana kabla ya muhogo kuiva, ahirisha kikao.

Na wale watakaotajwa mwisho, nenda nyumbani kwao siku hiyo hiyo, jua halijazama. Usitume mtu. Kaa mkekani, umweleze mjomba mbele ya kijana kwa nini unamtaka. Ukikosa sababu ya kueleza, basi hukupaswa kumtaja.

Picha zangu zigawe. Jezi kuukuu wape wanaotaka kuzivaa, zisitundikwe ukutani. Kaburi langu likichimbwa, usilie mpaka ukashindwa kutazama. Angalia ni nani anayepokea jembe bila kuombwa.

Mgawo ni Ijumaa baada ya swala, na beki wa kushoto bado hatuna. Weka kalamu chini, uende.